Viti Vyetu Vilipovuka Daraja

Mimi huuza chai na chapati kando ya foleni ya malori hapa Malaba, na acha niseme mwenyewe kabla sijasemewa: nyumba yetu ilikuwa na kunguni. Si mmoja, si wawili. Walikuwa wengi mpaka mama akawa anawaita wapangaji. Tuliishi watatu pale, mama, mimi na mdogo wangu wa mwisho, na kila mtu alijikuna chumbani kwake kimya kimya, kwa sababu ukisema una kunguni watu wanasikia una uchafu. Uongo mtupu! Mama yangu anafagia mpaka kipande cha barabara ambacho ni cha serikali.

Mimi niliolewa nikarudi, na hilo sitaki kuulizwa. Mdogo wangu ndiye alikuwa hajaolewa. Anafundisha watoto wa nasari kule Chakol, ana sauti ndogo, na sijawahi kumwona akigombana hata na mbuzi. Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, watu walikuja kumposa. Walikaa kwenye sofa zetu alasiri nzima, wakala, wakacheka, kisha mama mmoja kati yao akasimama mlangoni anasugua mgongo kwenye mwimo. Walikwenda na hatukuwasikia tena. Tangu siku hiyo mdogo wangu alivaa sweta la mikono mirefu, jua liwake lisiwake, kuficha alama. Nikimwona na lile sweta saa saba mchana nilitaka kulia na kumchapa kwa pamoja.

Halafu akaja mwingine. Fundi wa pikipiki kutoka Khunyangu, mpole, vidole vyeusi kwa oili hata Jumapili. Huyu walipendana kweli. Unajua mtu anayependwa anavyosahau chumvi kwenye mboga? Tulikula mboga bila chumvi miezi mitatu, na mama hakulalamika hata mara moja.

Sasa, sisi ni Wateso na wao ni Waluhya, kwa hiyo mambo yote yalikwenda kwa Kiswahili na kwa kukisia. Yule kijana akatueleza desturi ya nyumba yao: kabla wazee wa kiume hawajaja kuongea habari ya ng'ombe, senge wake, yaani shangazi, dada ya baba yake, huja kwanza na wanawake wawili kuangalia nyumba. Senge akiridhika, wanaume wanakuja. Asiporidhika, mambo yanaishia hapo. Senge huyu alishakataa wachumba wawili wa binamu za kijana. Mmoja alimkataa kwa sababu alipitisha kidole juu ya kabati lao na kidole kikarudi na vumbi.

"Kidole?" mama akauliza.

"Kidole, mama," kijana akasema, ameinamisha macho. "Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane."

Alipoondoka, mdogo wangu alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Dada," akaniambia, "huyo akijikuna mara moja tu, mimi basi. Sitaletwa mtu mwingine. Nitakuwa mwalimu wa nasari mpaka nife." Hakulia. Afadhali angelia. Mimi nikasema moyoni, kunguni wa nyumba hii, mmekutana na mimi sasa.

Dawa tulikuwa tumeshapuliza. Jamaa mmoja alikuja kutoka Busia na mtungi mgongoni na maski usoni, akatutoa nje siku nzima, akapuliza mpaka kuku wa jirani wakapiga chafya. Kunguni walilala siku mbili. Siku ya tatu waliamka na hamu ya kula. Jamaa akarudi, akapuliza tena, na nakuhakikishia walikuwa wamenenepa. Mama akapendekeza tufunge madirisha yote na kuwasha majiko matatu ya makaa ndani ili tuwachome na joto. Nilimpigia kelele. Moshi wa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua binadamu kwanza, kunguni baadaye. Lakini lile neno joto likabaki kichwani mwangu, maana kuna muuguzi wa kliniki ambaye hunywa chai kwangu, na aliwahi kuniambia kwamba kunguni na mayai yake hawavumilii joto kali, mradi liingie hadi ndani kabisa na likae muda mrefu.

Jumatatu ya wiki ya ugeni tukaanza. Nguo zote ndani ya sufuria kubwa, zikachemka. Mama akachukua birika na kumwagia maji ya kuchemka kila kiungo cha kila kitanda, huku akiwatukana kwa Kiteso maneno ambayo sikujua mama yangu anayajua. Mimi nikachukua pasi ya makaa na kupiga mishono ya magodoro polepole, juu ya kitambaa chenye maji, na mvuke ukiingia unasikia kama kuna mtu anakaanga ufuta. Aiii, utamu wake! Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu na fagio la mkono, anawazoa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilimsikia akicheka mpaka akaketi sakafuni.

Zikabaki sofa. Sofa zetu ni za watu saba, rangi ya maruni, alizinunua marehemu baba, na mama amezifunika vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono wake. Hapo ndipo kunguni walikuwa na makao makuu. Ndani, kwenye mbao na sponji, mahali ambapo birika haifiki na pasi haifiki. Na ndipo senge angekalishwa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nasukuma chapati huku nawaza kuzichoma moto sofa zote na kusema tumeibiwa. Mteja wangu mmoja, dere wa lori la boksi, mtu mnene mwenye huzuni, alikuwa ameegesha hatua chache tu kutoka kibandani. Alikuwa anaenda Uganda kuchukua mzigo wa maharagwe, lori tupu. Foleni haikuwa imesonga tangu jana yake. Akaanza kulia kilio chake cha kila safari.

"Mama Chapati, hili boksi langu litanifukuzisha kazi. Safari iliyopita nilibeba mishumaa ya kupeleka Mbale. Nikasimama hapa siku tatu na jua hili. Kufungua mlango, mishumaa yote imelala, imeshikana, huwezi kujua huu unaanzia wapi. Hii ni oveni, si lori."

Nikaacha kusukuma.

"Dere, joto la kulaza mishumaa linaweza kuua kunguni?"

"Hata mimi linaniua."

"Nipe hilo boksi kesho."

Alinitazama kwanza, halafu akazitazama chapati zangu, nami nikamwambia atakula bure mpaka foleni isonge. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. Aliuliza jambo moja tu: "Na foleni ikisonga?"

Hapa ndipo nataka nijichape mwenyewe. Nimekaa kando ya foleni ile miaka na miaka. Madereva huniuliza mimi lini watavuka, na mimi huwaambia, na mara nyingi huwa kweli. Nikaitazama ile mistari ya malori iliyofungana hadi kule juu, nikaona madereva wametandika mikeka chini ya trela, wengine wamefua na kuanika, na nikainua mkono kama mtu anayeapa mahakamani. "Hii haisongi kabla ya Jumatatu. Andika."

Ijumaa asubuhi dere na jirani mmoja wakabeba sofa. Jirani tulimwambia zinapelekwa kwa fundi, Mungu atusamehe. Tukazipanga ndani ya boksi, mito tukaitenga, na mimi nikachukua mishumaa miwili. Mmoja nikauweka juu ya mkono wa kiti, wa pili nikausukuma ndani kabisa, katikati ya sponji na mbao. Nilifikiri hivi: mshumaa wa ndani ukilala, kunguni wa ndani wamelala milele. Niliona akili yangu ni kubwa sana siku hiyo. Tukafunga mlango, na jua la Malaba likaanza kazi.

Saa kumi jioni tukafungua. Joto likatupiga usoni tukarudi nyuma wote. Mshumaa wa juu ulikuwa umeinama hadi umegusa kitambaa. Nikapiga vigelegele peke yangu katikati ya barabara. Kisha nikachomoa ule wa ndani. Umesimama wima. Na kando yake, bila haraka yoyote, kunguni mmoja alikuwa anatembea.

Dere akavua kofia. "Huyu ana jeshi nyuma."

Sikukata tamaa, nilikasirika tu. Nikapanda boda hadi Busia, kwa Mwislamu mmoja anayeuza nailoni nyeusi za kufunikia mizigo, akanikatia kipande kirefu na kuniuliza ni ya kufunika nini. Nikamwambia kunguni. Akacheka, akaniongezea kipande kingine. Jumamosi alfajiri ilipokucha tukageuza sofa miguu juu ili joto lipige matumbo yake, tukazifunga kwa ile nailoni, tukarudisha mshumaa ndani, tukafunga. Mpango ulikuwa hivi: nafungua saa sita, saa saba sofa ziko sebuleni na vitambaa vyake, saa nane senge anakaa. Siku hiyo magodoro nayo tulikuwa tumeyaanika juu ya mabati ya nyumba, yote matatu, yakaonekana toka barabarani.

Saa nne na nusu nilikuwa uani nanyonyoa kuku. Nikasikia injini moja inawaka. Halafu nyingine. Halafu zote.

Nilijiambia wanapasha injini tu. Nikanyonyoa bawa moja. Lakini kelele haikupungua, na nikasikia ule mguno wa breki zikiachia, psss, psss, mmoja baada ya mwingine, sauti ambayo ndiyo hunipa riziki na ambayo naijua hata usingizini. Nikaruka na kuku mkononi. Nilikimbia na ndala moja. Nikafika kibandani, na pale lori la boksi lilipokuwa limesimama siku nne palikuwa na doa la oili na kikombe changu, dere amekiosha na kukifunika vizuri juu ya jiwe.

"Amevuka!" dereva mwingine akanipigia kelele kutoka dirishani, lori lake likipita. "Wamefungua njia zote! Amekupigia simu mpaka akachoka!"

Simu yangu ilikuwa kwa kinyozi, kwenye chaji. Nilipoichukua ilikuwa imejaa namba ya dere. Nikapiga, hakushika. Nikasimama kwa kinyozi na kuku nusu amenyonyolewa, manyoya kichwani, nikaona sofa za baba yangu zinaelekea Mbale miguu juu. Halafu, sijui ni nini kilinipata, nikaanza kucheka. Kinyozi alidhani nimepata habari njema. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, nikifika tu mlangoni cheko likakauka.

Senge alikuwa amefika.

Saa tano asubuhi! Katika nchi hii nzima ambapo mgeni wa saa nane huja saa kumi, sisi tulipata yule mmoja anayekuja mapema. Alikuwa mwanamke mrefu, amefunga kitenge cha bluu na kilemba chake, kuku hai kwapani kama zawadi, na nyuma yake wanawake wawili wenye mifuko ya sukari na mikate. Yule kijana fundi wa pikipiki alisimama pembeni kama anangoja kunyongwa. Na senge alikuwa ameinua uso, anayatazama magodoro yetu juu ya nyumba.

"Karibu, senge!" nikasema, na manyoya yangu.

"Nimekaribia," akasema. "Mimi huja mapema. Mtu ukimpa mpaka saa nane, anapanga uongo mpaka saa nane."

Mama akatoka, amevaa gauni lake la kanisani, na machoni mwake nikaona hajui. Alidhani nimekuja na sofa. Nikatikisa kichwa kidogo. Mama akabadilika rangi. Wageni wakaingia sebuleni. Kulikuwa na kabati, kalenda, picha ya baba, na sakafu. Sakafu safi kabisa, kubwa kuliko nilivyowahi kuiona.

Senge akapitisha kidole juu ya kabati. Akakitazama. Kilikuwa safi. Halafu akageuka.

"Na hapa mnakaa wapi?"

"Viti viko kwa fundi," nikasema.

"Kanisa limeviazima," mama akasema, wakati ule ule.

Nani atuokoe? Mdogo wangu alikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia ya glasi, na zile glasi zikaanza kugongana. Senge alitutazama mama na mimi, mmoja mmoja, taratibu. Na ndipo simu yangu ikalia. Simu yangu spika ya sikioni ilikufa zamani, inaongea kwa ile kubwa tu, na mimi kwa kiherehere nikaishika.

"Mama Chapati!" Sauti ya dere ilijaa nyumba. "Niko Uganda na viti vyako na kunguni wako! Nimesema lori ni tupu, afisa amefungua amekuta sebule! Anasema mwenye viti aje mwenyewe au vinabaki hapa!"

Nikaizima. Nikaiweka juu ya kabati. Hakuna aliyepumua isipokuwa kuku wa senge.

Nilifungua mdomo nitunge uongo wa tatu, na naamini ungekuwa mzuri. Lakini mdogo wangu akaweka sinia chini. Akavua lile sweta. Hapo mbele ya watu wote akalivua, akalikunja, na mikono yake ikawa wazi, alama nyekundu kutoka kiwiko hadi bega.

"Senge, ni kunguni," akasema. Sauti ilikuwa ndogo ileile lakini haikutetemeka. "Tunao. Tumepigana nao wiki nzima kwa sababu yako. Dada yangu aliviweka viti kwenye lori lenye joto ili wafe, na lori limevuka mpaka. Hakuna fundi na hakuna kanisa. Ukitaka kurudi Khunyangu, mimi nitakusindikiza mpaka stendi, na sitakulaumu."

Nilimkodolea macho. Kwa fahari na kwa hofu, vyote. Yule kijana akapiga hatua kuja kusimama karibu naye, senge akamnyooshea mkono bila kumtazama, kijana akasimama.

"Uganda ni mbali?" senge akauliza.

"Ni daraja tu," mama akasema.

"Mimi nimetoka Khunyangu kuja kukaa," akasema. "Kama viti viko Uganda, nitakaa Uganda. Twendeni."

Hakucheka, wala hakununa, ungemtazama usoni usingepata kitu. Nilimshika mama mkono na kumnong'oneza, "Amekubali au amekataa?" Mama akanong'ona, "Nyamaza utembee."

Basi tukatoka. Senge mbele na kuku wake, wale wanawake wawili na mikate, mama na gauni la kanisani, mdogo wangu mikono wazi, kijana, na mimi nyuma na manyoya. Tulipita katikati ya malori yanayosonga, na madereva wanaonijua wote wakapiga honi na kuuliza kuna harusi gani. "Bado!" nikawapigia kelele. "Ombeni!" Tukavuka daraja la mto Malaba kwa miguu kama wanavyovuka watu wa hapa kila siku wakienda sokoni. Mmoja wa wale wanawake alikuwa hajawahi kutoka Kenya. Alipoambiwa amefika Uganda, akasimama akatazama chini, akapiga mguu mara mbili, akasema, "Mayiwee, na mchanga ni uleule!"

Kwenye uwanja wa ukaguzi dere alikuwa ameketi kwenye kivuli cha gurudumu, ameshika kichwa. Aliponiona alitaka kunikumbatia. Afisa wa forodha alikuwa Mganda kijana, kalamu sikioni, na alikuwa anajitahidi sana awe mkali.

"Nnyabo, mama, hii karatasi inasema lori ni tupu. Hii ni tupu?" Akanyoosha kidole kwenye boksi, na sofa zetu zilikuwa mle ndani, miguu juu, zimefungwa nailoni nyeusi. "Na huyo kuku anaingia Uganda ama anapita?"

"Amesindikiza," senge akasema.

Nilimweleza afisa kila kitu. Kunguni, dawa, mishumaa, foleni, kiapo changu. Kufika katikati alikuwa amejifunika mdomo na karatasi zake. Maafisa wengine wakasogea, madereva wakasogea. Afisa akakohoa, akarudi kwenye ukali. "Bambi, poleni. Lakini watu wanauza viti hapa kila siku na kila mtu ana hadithi. Nitajuaje ni vyenu?"

Mama akajibu bila kuvuta pumzi. Kile kirefu kina alama ya pasi mguu wa nyuma. Kile cha pembeni spring yake moja imepinda kwa sababu marehemu baba alikuwa mzito. Chini ya kile kidogo mimi niliandika jina langu kwa kalamu nikiwa darasa la pili, nikachapwa. Afisa akapanda, akaangalia, akakuta. Lakini bado alitikisa kichwa.

"Nyinyi ni wa nyumba moja, lazima mjue. Nataka mtu asiye wa nyumba yenu anayeweza kusimama aseme hivi viti ni vya hawa, vilitoka kwao, vinarudi kwao. Niandike jina lake." Macho yake yakazunguka, yakatua kwa senge. "Wewe nnyabo. Unawajua hawa? Wewe ni nani kwao?"

Kila mtu akamgeukia senge. Mdogo wangu alikuwa amejishika mikono yake iliyo wazi, anatazama chini. Kijana alikuwa ametoa jasho shati zima.

Senge alimpa mwenzake kuku, akakunja kitenge chake, akamwambia dere amshike mkono, na kwa umri wake akapanda ndani ya lile boksi. Tukamwona akifungua nailoni. Joto lilimfanya akohoe, lakini hakushuka. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kiti kirefu, pole pole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akageuza mto, akaugeuza tena. Akatia mkono ndani kabisa, mahali nilipoweka mshumaa, akautoa. Ulikuwa umejikunja mara mbili. Akatia mkono tena na kutoa kitu kidogo, akakiweka kwenye kiganja, akakipuliza. Kikaruka kama pumba.

"Wamekauka," akasema. "Wote."

Akasimama mlangoni mwa lori, juu yetu sote, jasho linamtiririka kutoka kwenye kilemba.

"Afisa, andika," akasema, na huyu mwanamke ana sauti, wacha nikuambie. "Hivi viti ni vya wakwe zangu. Mimi ni senge wa huyu kijana. Nimekuja kumchukua yule binti pale, yule aliyeniambia ukweli wenzake wakidanganya. Wazee wetu watakuja Jumamosi ijayo kuleta maneno ya ng'ombe, na watahitaji mahali pa kukaa. Kwa hiyo rudisha viti."

Kelele iliyofuata siwezi kuieleza. Madereva wakapiga honi, wale wanawake wakapiga vigelegele, mama akaketi chini hapo hapo kwenye uwanja wa serikali ya Uganda na gauni lake la kanisani. Dere alilia waziwazi. Afisa akasema "kale, kale," akaandika, akagonga muhuri, na kwa furaha akagonga mwingine ambao haukuhitajika.

Lori halingeweza kugeuka, kwa hiyo dere akaenda zake na maharagwe yake, na tukatafuta mikokoteni miwili ya kubeba mbao za sofa. Mito ikabaki, na hiyo tukajitwika wenyewe. Senge alichukua wake bila kuombwa. Tukapanga mstari kurudi Kenya, kila mtu na mto wa maruni kichwani, ungali moto.

Mdogo wangu alikuwa mbele yangu. Na mto kichwani huwezi kugeuka, kwa hiyo sikuona uso wake. Tulipofika katikati ya daraja akapunguza mwendo.

"Dada," akasema. "Umesikia alivyosema? Amesema wakwe."

"Nimesikia," nikamwambia. "Uganda nzima imesikia. Tembea."

Hakutembea. Alisimama pale, ameshika mto kwa mikono yote miwili, na jua likimpiga mabegani.